King'amuzi cha Mchina si Xinhua: kufumbua ushirikiano wa China na vyombo vya habari vya Afrika

Kila China inapotia saini makubaliano na kituo cha televisheni au chuo kikuu cha Afrika, mjadala mitandaoni huwa ule ule. Mmoja anaandika kwamba nchi imeuzwa. Mwingine anamjibu kwamba Wazungu nao wana BBC, mbona hamkusema. Wa tatu anaingilia kulalamika kuwa kifurushi chake cha StarTimes, king'amuzi cha Mchina, kimekata mechi ikiwa dakika ya themanini. Wote watatu wanaamini wanazungumzia jambo moja, kumbe kila mmoja ana lake.

Mjadala wenyewe haupoi leo wala kesho. Katika mkutano wa kilele wa Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika, FOCAC, uliofanyika Beijing Septemba 2024, pande mbili zilikubaliana kuufanya mwaka 2026 kuwa mwaka wa maingiliano ya watu wa China na Afrika. Kwa lugha ya kawaida: maonyesho, semina, tamthilia, ziara za waandishi na picha nyingi za watu wakipeana mikono. Kwa hiyo ni vizuri kutenganisha mambo mapema.

Tuanze na maneno yenyewe. Diplomasia ya utamaduni ni pale serikali inapotumia lugha, filamu, michezo, vyakula na masomo ili watu wa nchi nyingine waipende, au angalau wasiichukie. Mmarekani Joseph Nye ndiye aliyelipa jambo hili jina lililoenea duniani, mwaka 1990. Kwa Kiswahili wengi huliita ushawishi laini: kumfanya mtu atake unachotaka bila kumtisha wala kumhonga. Uingereza wanafanya kupitia British Council, Wajerumani kupitia Taasisi ya Goethe, Wafaransa kupitia Alliance Française. Hakuna dhambi ndani yake.

Chombo cha habari cha dola ni kitu kingine, na hapa ndipo hoja ya "mbona BBC" inapokwama. BBC inaishi kwa ada inayolipwa na wananchi wa Uingereza, na idhaa zake za nje hupata pia fedha za wizara ya mambo ya nje. Lakini mtangazaji wa BBC humbana waziri mkuu wa Uingereza kwa maswali, na kesho yake anarudi kazini. Kwa China mfumo ni tofauti, na wenyewe hawafichi. Shirika la habari la Xinhua lilianzishwa na Chama cha Kikomunisti mwaka 1931, miaka 18 kabla ya kuzaliwa kwa Jamhuri ya Watu wa China. Televisheni ya taifa, redio ya taifa na Radio China Kimataifa ziliunganishwa mwaka 2018 kuwa shirika moja, China Media Group, lililo chini ya idara ya uenezi ya chama. Na Februari 2016 Rais Xi Jinping alipotembelea vyombo hivyo alisema waziwazi kwamba vyombo vya chama vinapaswa kubeba jina la ukoo la chama. Swali la kuuliza, basi, ni nani anaweza kumfukuza mhariri, na kwa kosa gani. Anayelipa bili peke yake hatoshi kutuonyesha tofauti. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kutabasamu hapa. Anajua taarifa ya habari ya shirika la utangazaji la taifa hufunguliwa na nani, kila siku ya Mungu.)

Sasa tufumbue kile kinachoitwa kwa jumla "vyombo vya Mchina". Fikiria soko la nyanya. Kuna mkulima mwenye nyanya zake, kuna dalali anayezisambaza kwa bei ya jumla, kuna mwenye soko anayekodisha meza na kuamua geti lifunguliwe saa ngapi, na kuna anayekualika nyumbani kwake uonje mchuzi. Xinhua ni dalali. CGTN, televisheni ya China ya kimataifa, na Radio China Kimataifa ni mkulima anayeuza nyanya zake mwenyewe. StarTimes kwa sehemu kubwa ni mwenye soko. Taasisi za Confucius, yaani vituo vya China vya kufundishia Kichina, na tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili ni mwaliko wa mchuzi. Ukimkasirikia mwenye soko kwa sababu ya ladha ya nyanya, umekosea mlango.

Sauti zao wenyewe

Hili ndilo linaloonekana zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. China ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1, 1961, wakati ule ikijulikana kama Redio Peking, miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Mwaka 2006 ikafungua kituo cha FM Nairobi, 91.9, cha kwanza cha aina hiyo kwake nje ya China. Januari 2012 ikaja CCTV Africa, tawi la televisheni ya taifa ya China lenye makao Nairobi, na mwisho wa 2016 ikabadilishwa jina kuwa CGTN Africa. Gazeti la China Daily nalo lilianza toleo la Afrika Desemba 2012.

Walioajiriwa hawakuwa Wachina pekee. CCTV Africa ilipoanza ilichukua watangazaji waliokwisha kujenga jina nchini, akiwemo Beatrice Marshall aliyekuwa akifahamika sana kupitia KTN. Vifaa vilikuwa vizuri na habari za Afrika zilipewa muda ambao vituo vya Magharibi havikuwa vikiutoa ila pakitokea vita au njaa. Hilo tuseme bila kigugumizi: aliyechoka kuona bara lake likionyeshwa kwa nzi na bunduki alikuwa na sababu ya kufurahi.

Je, tunazitazama? Watafiti Herman Wasserman na Dani Madrid-Morales waliwakalisha wanafunzi wa uandishi wa habari na mawasiliano nchini Kenya na Afrika Kusini, wakawauliza. Matokeo waliyochapisha mwaka 2018 hayakuifurahisha Beijing: wachache walikuwa wakitazama vituo hivyo kwa kawaida, na wengi walivipima kwa mashaka kwa kuwa vilikuwa vya dola. Kuwa na studio nzuri Nairobi ni jambo moja, kuingia kwenye sebule ya mtu saa mbili usiku ni jingine.

Dalali wa habari

Chukua gazeti, nenda ukurasa wa habari za kimataifa, usome hadi mstari wa mwisho. Pale pembeni utakuta jina: Reuters, AFP, AP au Xinhua. Wasomaji wengi hawalifikii jina hilo. Haya ni mashirika ya habari, yaani yanayokusanya habari na kuziuza kwa vyombo vingine. Reuters na AFP hutoza ada ambayo kwa gazeti dogo ni mzigo. Habari za Xinhua hupatikana kwa bei ya chini zaidi, na mara nyingi kwa makubaliano ya kubadilishana ambayo hayadai fedha. Mhariri wa zamu mwenye ukurasa mtupu saa tatu usiku, na bajeti iliyokatwa mara mbili mwaka huu, hahitaji kuhongwa ili aichukue.

Watu hudhani tatizo la habari hizo ni uongo. Mara nyingi si uongo. Daraja limezinduliwa kweli, urefu wake ni huo huo, waziri kasema hivyo hivyo. Kilichokosekana ni yule mkazi aliyehamishwa kwa ajili ya daraja, na riba ya mkopo, na mhandisi wa upinzani mwenye swali. Uandishi huu wanauita wa kujenga. Habari moja ya namna hiyo haina neno. Gazeti zima likiandikwa hivyo, msomaji anabaki na nchi isiyo na matatizo.

Ziko pia kurasa za kulipiwa: China Daily imekuwa ikinunua nafasi kwenye magazeti ya nchi mbalimbali, Magharibi zikiwemo, na kuzijaza makala zake. Ni tangazo. Lakini likipangwa kwa herufi zilezile za gazeti, na neno "tangazo" likawa dogo kama sisimizi, msomaji amepigwa chenga. Na hapo wa kulaumiwa kwanza ni mwenye gazeti aliyepokea hela.

Mwaliko wa mchuzi

Machi 25, 2013, Xi Jinping, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika urais, alihutubia Dar es Salaam katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Katikati ya hotuba nzito ya siasa alitaja tamthilia: Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyokuwa imeonyeshwa TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ikiwa na sauti za Kiswahili. Ni kisa cha bi harusi wa Beijing anayejikuta na wakwe wa kila aina, na huhitaji kueleza kwa Mswahili kwa nini kisa cha mama mkwe kinauzika.

Tamthilia hizi zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana kazi yake si ndogo. Mwigizaji wa sauti anakaa mbele ya kipaza sauti, anatazama midomo ya mama mkwe ikienda kwenye skrini, na sentensi yake ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida ni ndefu kuliko ya Kichina, lazima iishe pale mdomo unapofunga. Kwa hiyo "shikamoo" inaingia pale ambapo Mchina hakusema kitu kama hicho, na matusi ya wakwe yanageuka mafumbo. StarTimes ilianza kufanya mashindano ya kuingiza sauti Tanzania mwaka 2016, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo kama ajira. Watazamaji waliopata hamu ya kujua familia ya China inakula nini mezani hawakuhutubiwa na mtu yeyote. Huu ndio ushawishi laini ukifanya kazi vizuri, na sioni ubaya wake. Filamu za Kihindi zilitufanyia hivyo hivyo zamani, bila balozi kuingilia.

Taasisi za Confucius ni mwaliko wa aina ile ile, ila wenye utata zaidi kwa kuwa zinakaa ndani ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua ya kwanza barani Afrika Desemba 2005. Vyuo vya Dar es Salaam na Dodoma vilipata zao mwaka 2013, Makerere mwaka 2014. Uganda ilienda mbali zaidi, ikaingiza Kichina katika shule 35 za sekondari mwishoni mwa 2018. Uvumi kwamba vijana wanafundishwa ukomunisti darasani hauna mashiko. Wanafundishwa lafudhi, kuandika na kutengeneza chai. Wasiwasi wa kweli ni mwembamba zaidi: chuo ambacho jengo, walimu na ufadhili wa safari vinatoka kwa mgeni mmoja kitaandaa mjadala kuhusu Taiwan au Tibet? Hakuna anayekataza. Mtu anajikataza mwenyewe.

Ziara za waandishi ziko hivyo hivyo. Tangu 2014 China imekuwa ikiwapeleka waandishi wa Afrika Beijing kwa mafunzo yaliyokuwa yakidumu hadi miezi 10, nyumba, posho na safari za mikoani zikiwa juu ya mwenyeji. Si kila aliyekwenda hugeuka kasuku, na wengine hurudi wakiijua China kuliko mabalozi wetu. Ila ni vigumu kumsema vibaya mtu uliyekula chakula chake miezi kumi.

Na tusichanganye haya na mambo ya vyama. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa Kibaha Februari 2022, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, ni ya vyama tawala sita vya kusini mwa Afrika, CCM ikiwa mojawapo. Hiyo ni siasa ya chama kwa chama, isiitwe utamaduni.

Je, inafanikiwa?

Mtihani mkubwa ulikuja Aprili 2020. Waafrika waliokuwa wakiishi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakati wa hofu ya korona, na video zikasambaa. Kama miaka ile yote ya studio, ziara na kurasa za kulipiwa ingekuwa imetununua, vyombo vya Afrika vingenyamaza. Havikunyamaza. Magazeti ya Kenya na Nigeria yaliiweka ukurasa wa kwanza, spika wa bunge la wawakilishi la Nigeria alimwita balozi wa China na kumbana mbele ya kamera, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja ya kulalamika. Ushawishi laini ulikutana na simu ya mkononi, ukashindwa ndani ya siku chache.

Lakini kuna mfano wa pili unaokwenda upande wa pili, na ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 2013 wawekezaji wa China, wakiwemo wenye uhusiano na televisheni ya taifa yao, walinunua asilimia 20 ya kundi la magazeti la Independent la Afrika Kusini. Septemba 2018 mwandishi Azad Essa, aliyekuwa na safu ya kila wiki kwenye magazeti hayo, aliandika kuhusu Waislamu wa Uighur waliokuwa wakishikiliwa Xinjiang, China. Safu yake ikafutwa mara moja. Maelezo aliyopewa ni kwamba magazeti yalikuwa yanabadilishwa mpangilio.

Hisa 20 kati ya 100 hazimpi mtu uwezo wa kuamuru. Na hakuna ushahidi kwamba simu ilipigwa kutoka Beijing. Pengine ndiyo maana mfano huu una uzito: haikuhitajika simu. Ukitaka kupima ushawishi wa China kwenye habari, usihesabu makala za kuisifu. Hesabu zile ambazo hazikuandikwa, kazi ambayo bahati mbaya ni ngumu.

Mwenye soko

Tumebakiwa na StarTimes, jina ambalo wengi ndilo pekee wanalolijua, na ambalo limezungukwa na uvumi kuliko yote.

Kwanza, StarTimes si kituo cha serikali ya China. Ni kampuni binafsi iliyoanzishwa mwaka 1988 na Pang Xinxing. Ila ni kampuni binafsi yenye bahati: miradi yake mikubwa Afrika imegharimiwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, ambayo ni ya serikali, na ndiyo iliyokabidhiwa mradi wa vijiji 10,000 uliotangazwa kwenye mkutano wa FOCAC wa Johannesburg, Desemba 2015. Kwa kawaida kila kijiji kilipata projekta mbili na televisheni moja kwa ajili ya shule, zahanati au ukumbi, pamoja na ving'amuzi kwa kaya 20. Chaneli za msingi ni bure. Ukitaka mpira, unalipia. Msaada hapo hapo ni mbegu ya biashara, na sijui kampuni gani isingefanya hivyo.

Pili, StarTimes haitengenezi habari zako. Inazisafirisha. Nchi zilipotakiwa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, kwa mwisho uliokubaliwa kimataifa wa Juni 17, 2015, ulihitajika mtu wa kujenga minara na mitambo ya kupitisha chaneli nyingi kwa pamoja. Nchi nyingi hazikuwa na fedha, na China ilikuwa nazo. Tanzania ilianza kuzima analojia Desemba 31, 2012, na kampuni iliyobeba sehemu kubwa ya kazi ni Star Media, ambamo StarTimes ina asilimia 65 na TBC 35.

Kenya ilikuwa kelele. Leseni za kusambaza mawimbi zilikwenda kwa Signet, iliyo tanzu ya shirika la utangazaji la taifa, KBC, na kwa PANG, yenye uhusiano na StarTimes. Wamiliki wa Citizen, NTV na KTN waligoma kupitishwa kwenye bomba la mtu mwingine, wakaenda mahakamani hadi ya juu kabisa, na Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilipozimwa, wakaamua kubaki gizani kwa zaidi ya wiki mbili kuliko kukubali. Wakenya wengi walidhani ni ugomvi wa matajiri kuhusu antena. Wenye vituo walikuwa wameelewa kitu ambacho raia hakukiona: anayeshika geti la soko si lazima aguse nyanya zako ili akuumize.

Tanzania ilikuja kukiona Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisema leseni za visimbuzi vya kulipia vya Azam, DStv na Zuku haziruhusu kuonyesha chaneli za bure za nyumbani. ITV na wenzake wakapotea kwenye visimbuzi hivyo, na aliyetaka kuendelea kuziona akalazimika kutafuta kisimbuzi cha mfumo wa ardhini (wa antena, si wa dishi), StarTimes ikiwemo. Beijing haikuamua chochote pale. Iliyoamua ni mamlaka ya Tanzania, kwa sheria za Tanzania. Lakini soko likasogea.

Uvumi wa tatu ni ule wa "wamenunua televisheni ya taifa". Mwaka 2018 ulienea sana Zambia kuhusu ZNBC, na serikali ikakanusha. Kilichokuwepo ni TopStar, kampuni ya kusambaza mawimbi ambamo StarTimes inashika asilimia 60 na ZNBC 40, ikiwa na mkopo wa Exim wa dola milioni 273. ZNBC bado ni ya Zambia, na chumba chake cha habari pia. Ila njia ya kufikia macho ya Mzambia iko kwenye kampuni ambayo Zambia ina hisa chache, na deni lipo. Uvumi ulikosea jina la kitu kilichouzwa. Haukukosea sana kuhisi kwamba kuna kitu kimebadilika mikono.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Ghana nayo ilisaini na StarTimes mwaka 2012 kwa kazi ile ile, kwa mkopo wa Exim wa aina ile ile. Serikali ikaona mambo hayaendi kama ilivyokubaliwa, ikavunja mkataba mwaka 2014, na kazi ikapewa K-NET, kampuni ya Waghana. StarTimes ilikwenda mahakamani kudai. Mtandao ukajengwa. Uhusiano wa Accra na Beijing haukufa kwa ajili hiyo, na StarTimes yenyewe imeendelea kuuza ving'amuzi Ghana hadi leo, kama mfanyabiashara mwingine yeyote sokoni.